Mke Wangu Yuko Wamaza

Des Moines, Iowa, 17 Septemba 2023

Kwako mke wangu Régina, huko Wamaza,

Kabla hujauliza: nimekula. Baba naye amekula. Sombe tunaipata hapa, ila majani yenyewe ya muhogo yamegandishwa ndani ya mfuko kama jiwe, na ukiyapika nyumba nzima inanukia kwako.

Baba amesimama nyuma yangu anacheka. Anasema ni mimi peke yangu ninayemwandikia mama yake mzazi, yaani nkambo wangu, barua ya namna hii. Mwambie ulinichagua mwenyewe siku niliyozaliwa, na yeye hakuulizwa. Mwambie pia kwamba nilipoondoka Wamaza kumfuata kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania nilikuwa na miaka kumi, sasa nina kumi na sita, na bado sijaoa mwingine.

Shule ya huku ni kubwa kuliko soko la Kasongo. Mimi niko katika darasa la wageni, yaani la vijana waliofika karibuni wasiojua Kiingereza. Tuko kumi na wanane. Kuna dada wawili kutoka Burma, vijana wanne wa Guatemala, na mmoja wa Sudani ambaye kila somo la mwisho analala. Mwalimu wetu ni mama mmoja mrefu anayeitwa Hansen. Amebandika vikaratasi kila mahali: mlango umeandikwa mlango, dirisha limeandikwa dirisha, hata pipa la takataka lina jina lake.

Usiwe na wasiwasi juu yangu. Kiingereza sasa nakimwaga tu. Mwalimu akiuliza swali, mkono wangu ndio wa kwanza kupanda, na wenzangu wananiuliza nilikisomea wapi. Baada ya Pasaka tunapimwa, na wanaoweza wanahamia darasa la kawaida pamoja na wenyeji. Mimi jina langu ni kama limeshaandikwa.

Shangazi Pascaline akishaipokea barua hii kwenye simu na kuichapa Kasongo, na Sumaili akakuletea kwa pikipiki yake, mpe Sumaili ndizi. Najua hutampa.

Mume wako,
Salomon


Wamaza, 15 Oktoba 2023

Kwa mume wangu aliyenitoroka,

(Mimi Bruno, mwalimu wa darasa la tano, ndiye mwandishi. Nkambo Régina anasema, mimi naandika. Kiswahili kikinyooka, sifa ni zangu.)

Barua yako imefika. Sumaili nimempa ndizi tatu, uache kunichafulia jina. Bruno aliisoma uani kwangu Jumapili baada ya misa, na hata jirani yetu Ayoubu alitoka msikitini kwake akaja kusikiliza na wanawe. Uani hapakuwa na nafasi ya kuku. Alipofika pale pa mkono wako kupanda wa kwanza, watu walipiga makofi. Sasa nikipita njiani naitwa bibi wa Mwingereza.

Mpunga tumepanda. Mvua imekuja vizuri. Goti langu la kushoto linalalamika lakini la kulia limenyamaza, kwa hiyo sina shida. Yule mbuzi mweupe uliyemwita Waziri amezaa mapacha.

Sasa nisikilize. Umeniandikia mlango, dirisha na pipa la takataka. Umeniandikia wanaolala. Lakini mtu uliyeongea naye, hata mmoja, sijamsikia humo. Barua inayofuata niandikie uliongea na nani na akakujibu nini.

(Hapo alisema, «Andika vile nasema, usipambe-pambe!» Sijapamba.)

Watoto wa hapa wanataka neno moja la Kiingereza la kusalimia. Tuma.

Mke wako anayekungoja akiwa na meno manne,
Régina


Des Moines, 3 Desemba 2023

Kwako mke wangu Régina,

Nisamehe nimechelewa. Huku kuna theluji, na mimi nina kesi. Kesi yenyewe ni wewe.

Mwalimu Hansen alituambia tuandike ukurasa mmoja kuhusu mtu tunayemkumbuka. Wenzangu waliandika juu ya mama zao, mbwa wao, mpira. Mimi nilikaa na kamusi siku mbili. Niliandika: Nina mke. Jina lake Régina. Nilimwacha Wamaza nikiwa na miaka kumi. Alilia sana, akanifungia karanga kwenye kitambaa. Nikimaliza shule nitamleta huku. Nilijivunia ule ukurasa, maana haukuwa na kosa hata moja la kalamu nyekundu.

Kesho yake nikaitwa ofisini. Walikuwepo Mwalimu Hansen, mkuu wa shule, na mama mmoja mshauri anayeongea taratibu kama anatembea juu ya mayai. Waliniuliza mengi. Sikujibu vizuri. Basi wakamwita Baba, wakaweka simu mezani na mkalimani ndani yake, mtu wa Mombasa mwenye haraka.

Wakamuuliza Baba: je, ni kweli mwanao ana mke anayeitwa Régina? Baba akacheka kwa furaha, akasema, «Ndiyo kabisa! Ni mama yangu!»

Mshauri akafungua daftari.

Wakamuuliza: ni nani aliyepanga ndoa hiyo? Baba akasema, «Hakuna aliyepanga. Mutoto alizaliwa naye.» Nkambo, yule mkalimani alirudia swali mara tatu, akidhani simu ndiyo mbovu. Mshauri alikuwa anaandika bila kupumua. Na kadiri Baba alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuharibu, maana aliongeza kwamba yeye naye alikuwa na mke wa namna hiyo, marehemu, na kwamba mke huyo alikuwa akimpiga kwa mwiko.

Sasa wamefungua faili. Hawana hasira, ila wanataka kuelewa. Mkuu wa shule ameomba mtu mwingine wa ukoo aeleze kwa maandishi. Mtu huyo ni wewe. Tafadhali mwandikie Mwalimu Hansen barua umwambie wewe ni nani.

Neno la kusalimia: wafundishe waseme «helo».

Mume wako mwenye aibu,
Salomon

Nyongeza: Tafadhali sana, Mwalimu Bruno, barua hii isisomwe uani. Isomwe ndani, mbele ya Nkambo peke yake.


Wamaza, 7 Januari 2024

Ndugu Salomon,

Ni mimi Bruno ninayeandika kwanza, kwa niaba yangu. Nina jambo la kuungama.

Barua yako niliisoma uani. Watu walikuwa wamejaa kuliko mara ya kwanza. Nilisoma hadi mwisho, kwa sauti, kwa mbwembwe zote nilizonazo, na nyongeza yako niliikuta pale pale chini, baada ya jina lako. Hata hiyo niliisoma kwa sauti kabla sijaielewa. Mdogo wangu, ombi la siri huwekwa mwanzoni. Hata hivyo kosa ni langu, na ninakuomba radhi.

Kusema kweli, hakuna aliyekucheka wewe. Walimcheka baba yako. Ayoubu alicheka mpaka akaegemea ghala la Nkambo na kulivunja nguzo moja, naye amekuja kuitengeneza. Watoto wanasalimia mbuzi kwa «helo».

Nkambo hakucheka sana. Aliniambia nimsomee tena sehemu moja tu, ile uliposema «sikujibu vizuri». Nilimsomea mara mbili. Kisha akaniambia nichukue kalamu. Barua yake kwa mwalimu wako ndiyo hii.

Bruno


Wamaza, 7 Januari 2024

Kwa Mwalimu Hansen,

Jambo, mwalimu. Mimi ndiye Régina. Nasikia nimekusumbua.

Ni kweli Salomon ni mume wangu. Nilimzaa baba yake, Jean-Marie, huyo aliyekuchanganya kwenye simu. Toka utotoni hajui kueleza kitu. Kwetu mjukuu wa kiume akizaliwa, nkambo wake anambeba na kusema: huyu ni bwana yangu, nimempata. Ni utani wetu. Kwa utani huo mimi ninaruhusiwa kumtukana akichelewa kuchota maji, na yeye anaruhusiwa kuniambia nimezeeka, ataoa kijana. Baba yake haruhusiwi kutaniana naye hivyo, wala mama yake. Watoto wakigombezwa na wazazi wanakimbilia kwetu, na sisi tunawaficha. Kazi ya mke wa namna yangu ni hiyo.

Nina miaka sabini na kidogo. Meno ni manne. Hajaninunulia hata kitenge kimoja. Msichana yeyote akija kumtaka siku moja, apite kwangu kwanza nimwambie anavyokoroma.

Mwalimu, nakuomba jambo moja. Huyo mtoto alipokuwa mdogo alivunja chungu changu cha maji. Hakulia wala hakukimbia. Alinyamaza siku mbili, na mimi nikadhani ni mtoto mtulivu. Kwa hiyo ukimwona ametulia sana, usimsifu. Muulize amevunja nini.

Nakushukuru kwa kumfundisha.

Régina, mke wa Salomon


Des Moines, 25 Februari 2024

KWA MWALIMU BRUNO TU. WENGINE WASISOME.

Kaka Bruno,

Safari hii nimeweka ombi juu, na kwa herufi kubwa.

Kesi imekwisha. Barua ya Nkambo ilitafsiriwa ofisini na mkalimani mwingine, mama wa Bukavu. Alipofika kwenye meno manne alishindwa kuendelea, ikabidi anywe maji. Mkuu wa shule alifunga faili palepale. Mshauri ameomba nakala aibandike ukutani kwake.

Lakini lile la chungu lilisomwa pia, na Mwalimu Hansen alinigeukia akaniangalia. Kwa hiyo nakuambia wewe, na usimwambie Nkambo.

Nimekuwa nikidanganya. Toka Agosti sijasema neno hata moja darasani. Siku ya kwanza mwalimu aliniuliza jina langu. Nikafanya kama tulivyofundishwa Wamaza: nikasimama wima, nikakunja mikono kifuani, nikajibu kwa sauti ya kufika nyuma. Huku hakuna anayesimama. Wanajibu wameketi, wengine wakitafuna. Darasa zima lilicheka. Hawakuwa wabaya, ila walicheka, na mimi nikakaa, na toka siku hiyo mdomo umefungwa. Nasoma vizuri. Naandika vizuri. Mwalimu akiniuliza naandika jibu kwenye karatasi namwonyesha. Mkono wangu haujapanda hata siku moja.

Niliandika yale ya kwanza kwa sababu nilijua utayasoma uani na watu watapiga makofi. Ningewezaje kuandika mbele ya Wamaza nzima kwamba nimekuwa bubu?

Sasa sikia. Kuhamia darasa la kawaida lazima nisimame niongee Kiingereza dakika tano mbele ya wote, tarehe kumi na mbili Aprili. Nikishindwa nabaki darasa la wageni mwaka mwingine mzima, na Septemba nitakuwa na miaka kumi na saba nikisoma vikaratasi vya mlango na dirisha. Mwalimu Hansen ameniambia: usitunge hotuba. Geuza barua ya nkambo wako iwe Kiingereza, uisome. Nimeshaigeuza. Nikiwa peke yangu bafuni naisoma yote. Wakiwepo watu sauti haitoki, Kaka Bruno.

Wewe unasimama mbele ya watoto sitini kila siku. Niambie unafanyaje. Naogopa kweli.

Mdogo wako,
Salomon


WAMAZA, TAREHE 24 MWEZI WA TATU

BWANA YANGU SALOMON,

NI MIYE REGINA. NIMEANDIKA MIYE MWENYEWE. MUKONO INAUMA.

BRUNO ALIENDA KASONGO KWA MUTIHANI YA WALIMU. SUMAILI AKANIPA MIYE BARUA. ULIANDIKA WENGINE WASISOME. HAYO NDIYO MANENO MIYE NILISOMA YA KWANZA. HERUFI KUBWA NAZIJUA. ZILE NDOGO ZIMENITESA. SIKU INE NIMESOMA. NIMEMALIZA.

USIMUKASIRIKIE BRUNO. HAKUIONA.

TANGU NOELI NAENDA KU KANISA KWA ROSINE, MUTOTO WA KATEKISTA. ANAFUNDISHA WAMAMA KUSOMA. NILIKUFICHA. NILITAKA SIKU MOYA UNIANDIKIE KITU WATU WA UANI HAWASIKII. NILIJUA UKO NACHO.

KU KANISA WATOTO WANACHUNGULIA KU DIRISHA. NKAMBO ANASEMA BA BE BI BO BU. WANACHEKA WANAANGUKA CHINI. SIKU YA KWANZA NILITOKA. NIKAFIKA KU NJIA YA MUTO. NIKAONA HAYA YA KURUDI NYUMBANI NI KUBWA KULIKO HAYA YA KURUDI KWA ROSINE. NIKARUDI. NIKASEMA BA.

ILE BARUA UTASOMA SI YAKO. NI YANGU. WAKICHEKA WANACHEKA MIYE. MIYE NIMEZOEA.

SIMAMA VILE TULIKUFUNDISHA. KUNJA MIKONO. SEMA.

BIBI YAKO
REGINA


Kasongo, 26 Machi 2024

Ndugu Salomon,

Niliporudi Wamaza kutoka mtihanini, barua yako kwangu niliikuta kwa Nkambo, imekunjwa ndani ya kitambaa, na kila mstari una alama ya kidole cha mafuta ya mawese. Hakuniruhusu kusahihisha barua yake wala kuongeza neno. Nilimwonyesha makosa mawili matatu, akaniambia, «Wewe andika yako.»

Nimeileta mwenyewe mpaka kwa shangazi yako Pascaline ipigwe picha leo hii, maana daraja limekatika na Sumaili amekwama ng'ambo. Nimetembea nusu ya njia.

Uliniuliza ninafanyaje mbele ya watoto sitini. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nafundisha huku nikiangalia ukuta wa nyuma. Hata leo, shule inapofunguliwa mwezi wa tisa, naanza na ukuta. Sijamwambia mtu.

Na jambo la mwisho. Nkambo amepiga marufuku kusoma barua zako uani. Watu wamenung'unika. Mimi mwenyewe nimenung'unika kidogo.

Bruno


DES MOINES, 14 APRILI 2024

MKE WANGU REGINA,

BARUA HII NI YAKO. BRUNO ASIGUSE.

NIMESEMA.

NILISIMAMA. NILIKUNJA MIKONO. NILIANGALIA UKUTA. NILISEMA: MIMI NI REGINA. WALICHEKA. NILITAKA KUKAA.

SIKUKAA. NILISEMA TENA. MIMI NI REGINA. NINA MENO MANNE. WALICHEKA SANA. MWALIMU ALICHEKA. NA MIMI NILICHEKA. SAUTI IKATOKA.

KIJANA WA SUDANI HAKULALA.

NILIPOFIKA KWA CHUNGU NILINYAMAZA. MWALIMU ALINGOJA. WOTE WALINGOJA. NILISEMA NA HAYO PIA.

DADA MMOJA WA BURMA ALILIA. ALISEMA NAYE ANA NKAMBO. NDIYE MTU NILIYEONGEA NAYE. NILIMWAMBIA UNA MBUZI. ALINIULIZA JINA LAKE. NILIMWAMBIA WAZIRI.

MWEZI WA NANE NINAINGIA DARASA LA KAWAIDA.

BABA ANATAKA KUONGEZA SALAMU. NIMEMKATAZA. HERUFI ZAKE NI NDOGO.

NINA MENGINE MENGI. SIYO YA KUPIGIWA MAKOFI. NITAYAANDIKA YOTE, KWA HERUFI KUBWA HIVI.

UKICHOKA, PUMZIKA. KIDOLE KIKIPOTEA MSTARI, RUDI JUU. SINA HARAKA.

MUME WAKO
SALOMON